DHALIMU HATETEWI KWA JINA LAKE
Khabari za Idi Amin Dada wa Uganda, na funzo lake kwa nyumba za Waislamu

Kila umma una watu wake wa kujivunia, na una watu wake wa kuzingatiwa. Wa kwanza husimuliwa watoto ili wawaige. Wa pili husimuliwa watoto ili wajihadhari. Nyumba isimuliayo wa kwanza tu na kuwaficha wa pili, watoto wake hukua wakidhani kwamba kila mwenye jina la Kiislamu ni mwema, na kila mwenye jina jingine ni mbaya. Hiyo si ilimu, bali ni ujinga uliovikwa kanzu.

Tumeona yatupasa kuandika juu ya Idi Amin Dada, aliyeitawala Uganda kwa mtutu wa bunduki tangu mwaka 1971 hata mwaka 1979, kwa sababu ya maneno yasemwayo katika mabaraza yetu. Makambako ni njia panda. Barabara itokayo Dar es Salaam na Iringa hugawanyika hapo, moja ikaelekea Mbeya na mpaka wa Zambia, nyingine ikashika njia ya Njombe na Songea. Na reli ya TAZARA nayo yapita papo hapo. Mahali pa namna hiyo khabari hazikosi, wala wenye kuzibeba hawakosi. Basi hutokea vijana wa Kiislamu, Makambako na hata Njombe mjini, wasemao kwamba Idi Amin alikuwa shujaa wa dini, na kwamba alipigwa vita kwa kuwa ni Mwislamu tu. Wengi wa wasemao hivyo hawakuwa wamezaliwa vita vilipokwisha.

Nasi Waislamu wa nchi hii ya baridi ni wachache baina ya jirani zetu Walutheri na Wakatoliki. Twauziana nao viazi na mahindi, twazikana nao, na watoto wetu hukaa nao dawati moja. Je, jirani ambaye babu yake alikwenda Kagera na asirudi, atatuhesabu vipi akisikia kijana wetu akimsifu aliyeanzisha vita vile? Na hata kama jirani hasikii, Mwenyezi Mungu asikia. Kwa hivyo inafaa tuzitazame khabari zenyewe kama zilivyo, bila kuongeza wala kupunguza.

MWANAFUNZI WA KEYA

Idi Amin alizaliwa katika miaka ya 1920, na wengi hutaja mwaka 1925. Baba yake alikuwa Mkakwa, kabila la watu wakaao pembe ya kaskazini magharibi ya Uganda, karibu na mipaka ya Sudan Kusini na Kongo. Skuli hakusoma ila kidogo sana. Mwaka 1946 aliingia katika jeshi la Kiingereza la King's African Rifles, ambalo watu wetu waliliita Keya, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa jikoni. Alikuwa mtu wa kimo kirefu na nguvu nyingi, akashika ubingwa wa ndondi wa Uganda kwa miaka karibu tisa. Katika miaka ya 1950 alipelekwa Kenya kupigana na Mau Mau. Mwaka 1961 akapewa cheo cha luteni, akawa mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kuwa maofisa kamili.

Jeshi lile halikuwa chuo cha uongozi. Lilikuwa ni mkono wa mtawala wa kigeni, na askari wake walifundishwa kutii amri na kuwatisha raia. Watu wa Njombe wana sababu ya kulijua jambo hilo, kwani nchi yao iliona vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hata 1907, ambapo Wajerumani walichoma vyakula ili njaa imalize kazi ambayo risasi hazikuimaliza. Na mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yakapita hapa hapa yakiwafukuza Wajerumani. Atakayelelewa katika fikra kwamba raia ni adui, akipewa dola, hufanya alilofundishwa.

Dalili ilionekana mapema. Mwaka 1962 kikosi cha Amin kilituhumiwa kuwatesa na kuwaua wafugaji wa Kiturkana, kaskazini ya Kenya. Lakini uhuru wa Uganda ulikuwa umekaribia, tarehe 9 Oktoba ya mwaka huo huo, na wakubwa waliona haya kumpeleka kortini mmoja wa maofisa wao wawili wazalendo. Wakalifunika jambo. Laiti haki ingalitendeka kwa wafugaji wale wanyonge, huenda Uganda ingaliepukana na mengi yaliyokuja baadaye. Dhulma isiyohukumiwa ikiwa ndogo hukua.

Milton Obote, Waziri Mkuu, alimwona Amin kuwa chombo kizuri cha kazi. Tarehe 24 Mei 1966 alimtuma kuishambulia kasri ya Kabaka Mutesa wa Pili pale Mengo. Kabaka akakimbilia Uingereza, akafa huko mwaka 1969. Obote akadhani amepata upanga wake mwenyewe. Akasahau kwamba upanga hauna rafiki. Tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore katika mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola, Amin aliipindua serikali.

SIKU ZA SHANGWE NA SIKU ZA KILIO

Watu wa Kampala walishangilia. Amin aliahidi uchaguzi, akawafungua wafungwa wa siasa, akaurudisha mwili wa Kabaka ukazikwa kwao kwa heshima. Alisema yeye ni askari tu, wala si mtu wa siasa. Hivyo ndivyo waanzavyo watawala wa kijeshi karibu wote: huja wakisema wamekuja kwa muda mfupi. Mwaka 1976 akatangazwa kuwa Rais wa maisha.

Katika mwaka ule wa kwanza, wakati shangwe hazijanyamaza barabarani, askari wa Kiacholi na Kilangi walikuwa wakiuawa makambini kwa sababu ya kabila zao. Kisha likaenea. Kulikuwa na idara ya upelelezi yenye makao yake Nakasero, ambayo mtu akiingizwa humo, jamaa zake hawakujua wamwombee afya au wamsomee khitma. Tarehe 21 Septemba 1972, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa na watu wenye silaha ndani ya jengo la mahkama kuu, mchana, na hakuonekana tena. Nchi ambayo kadhi wake anyakuliwa katika baraza la hukumu, nani ndani yake atakayelala salama? Mwezi wa Februari 1977 wakauawa Askofu Mkuu Janani Luwum pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ikasema ni ajali ya motokaa, hakuna aliyeamini. Makadirio ya waliouawa katika miaka ile minane yamekhitilafiana sana. Yako yasemayo 80,000, na yako yasemayo 300,000 na zaidi. Hata tukishika ile ndogo kabisa, ni watu wangapi! Na Qur'ani yatufundisha kwamba kuua nafsi moja pasipo haki ni mfano wa kuwaua watu wote.

JE, ALIWAFAA WAISLAMU?

Hapa ndipo wenye kumtetea wanaposimama, nasi haitupasi kuwanyima haki yao. Ni kweli kwamba Waislamu wa Uganda, ambao zamani walikuwa nyuma katika skuli na katika kazi za serikali, walipata nafasi wasizokuwa nazo. Ni kweli kwamba mwaka 1972 liliundwa Baraza Kuu la Waislamu wa Uganda, na kwamba Uganda iliingia katika Jumuiya ya nchi za Kiislamu mwaka 1974. Msikiti mkubwa ulio juu ya kilima cha Old Kampala ulianzishwa katika siku zake, ukakwama, kisha ukamalizwa kwa msaada wa Libya na kufunguliwa rasmi mwaka 2008. Hayo tumeyataja wazi.

Lakini tutazame na upande wa pili. Mwezi wa Agosti 1972 Amin aliwapa watu wa asili ya Bara Hindi siku 90 kuondoka nchini. Watu zaidi ya 50,000 walitoka, wengine wakiwa wamezaliwa Uganda, wakaacha maduka, nyumba na mashamba ya miwa. Maelfu kati yao walikuwa Waislamu: Sunni, Ithnaashari na Ismailia. Je, mali ya Mwislamu ilihalalika kwa sababu aliyeinyang'anya naye aliitwa Idi? Maduka yale waligawiwa askari na marafiki. Haikuchukua muda sukari, sabuni na chumvi zikaadimika, na aliyeumia kwanza ni maskini, Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu.

Kisha tutazame yaliyotokea alipoondoka. Yeye alipata ndege ya kukimbilia. Waislamu wa vijijini hawakuwa na ndege. Mwaka 1979, katika nchi ya Ankole, makumi ya Waislamu, wanaume kwa wanawake na watoto, waliuawa kando ya mto Rwizi na majirani wenye kutaka kisasi. Huko West Nile, alikotoka Amin, watu wengi waliuawa na wengine kwa maelfu wakakimbilia Sudan na Zaire. Hawakuwa wamekaa Nakasero wala hawakugawiwa duka. Deni alilikopa mkubwa, likalipwa na wanyonge waliolingana naye kwa dini au kwa kabila. Hii ndiyo faida aliyowaachia.

VITA VYA KAGERA

Mwishoni mwa mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Tanzania, yakateka ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, kiasi cha kilomita za mraba 1,800, akatangaza kwamba sasa ni sehemu ya Uganda. Raia waliuawa, wanawake walitendewa vibaya, ng'ombe waliswagwa, kiwanda cha sukari kiliporwa, na daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba Rais Julius Nyerere akalitangazia taifa kwamba nchi itampiga mvamizi huyo.

Kutoka Njombe hata Kagera ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Lakini vita havikuwa mbali. Mgambo waliitwa kutoka kila mkoa, na Njombe wakati huo ilikuwa wilaya katika Mkoa wa Iringa, kabla ya kufanywa mkoa mwaka 2012. Jeshi letu, lililokuwa na watu wasiofika 40,000, likakua hata likapita 150,000. Malori na mabasi yalichukuliwa kwa kazi ya vita. Walioondoka ni wakulima na makarani, wana wa Kibena na wana wa kila kabila, Wakristo na Waislamu. Katika handaki hakuna aliyemwuliza mwenziwe anaswali wapi.

Na hapa tunawaomba vijana wetu wazingatie. Aliyekuwa Mkuu wa Majeshi ya Tanzania katika vita vile ni Abdallah Twalipo. Miongoni mwa makamanda wake walikuwamo Imran Kombe na Muhiddin Kimario. Makamu wa Rais alikuwa Aboud Jumbe. Majina haya yanajieleza yenyewe. Basi yule asemaye kwamba vile vilikuwa vita vya Wakristo dhidi ya Uislamu, na atwambie hawa walikuwa nani. Kiongozi wa Libya alimpelekea Amin askari, na mamia yao walikufa katika ardhi wasiyoijua, khasa huko Lukaya mwezi wa Machi 1979, kwa kuitetea serikali ambayo raia wake wenyewe walikuwa wakiiombea ianguke. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikuwa mikononi mwa Watanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, na mapema mwezi wa Juni vita vikafika mpaka wa Sudan, vikaisha.

Askari 373 wa Tanzania walitajwa kuwa wamekufa. Katika makaburi ya mashujaa ya Kaboya, mkoani Kagera, wamelala pamoja, wa dini mbali mbali. Gharama ilikadiriwa kuwa kiasi cha dola milioni 500, nasi tulikuwa nchi maskini. Miaka iliyofuata, wazee wa Makambako na Njombe waijuao foleni ya sabuni na nguo, wanajua vita vile viliingia mpaka jikoni mwao.

Amin alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia. Akaishi Jeddah zaidi ya miaka 20, hakushitakiwa katika mahkama yoyote ya dunia, akafa tarehe 16 Agosti 2003, akazikwa huko huko katika kaburi la kawaida. Mwenye kujiita Mshindi wa Dola ya Uingereza hakuwa na taifa la kumzika. Hesabu yake sasa iko kwa Mwenye hesabu, wala sisi hatuna amri ya Pepo wala ya Moto. Lakini matendo yake ya duniani ni yetu kuyatazama.

DHULMA HAINA KABILA WALA DINI

Mtu asidhani kwamba kisa hiki ni cha Afrika peke yake. Huko mashariki ya mbali, katika Thailand, ambayo zamani ikiitwa Siam, alitawala mwanajeshi aitwaye Phibun Songkhram, mara ya kwanza mwaka 1938 hata 1944, na mara ya pili mwaka 1948 hata 1957. Naye ni wa dini ya Kibudha. Alitaka watu wote wa nchi yake wawe sura moja kwa lugha na kwa mavazi, na Waislamu wa Kimalay wa Patani, kusini ya nchi, wakapata taabu kubwa. Mwanachuoni wao, Haji Sulong, aliyekuwa amepeleka maombi saba kwa serikali mwaka 1947 kutaka haki za watu wake, alifungwa. Kisha mwezi wa Agosti 1954 aliitwa na polisi, akaenda pamoja na mwanawe, wala hawakurudi. Phibun naye alipinduliwa na jemadari mwenziwe, Sarit Thanarat, mwaka 1957, akafa uhamishoni Japani mwaka 1964. Sarit alijipa mamlaka ya kuamuru mtu auawe bila ya hukumu ya korti, na alipokufa mwaka 1963 ikadhihirika kwamba alikuwa amejilimbikizia mali kubwa mno ya umma.

Sasa tupime kwa mizani moja. Sisi tukisoma khabari za Haji Sulong, nyoyo zetu huuma, na husema: Ewe Mola, huyu amedhulumiwa! Basi Kiwanuka aliyetolewa mahkamani mchana, na Luwum aliyeitwa asirudi, tofauti yao na Haji Sulong ni nini? Ikiwa twamlilia mmoja na kuwanyamazia wengine, basi hatulii kwa ajili ya haki, bali kwa ajili ya jamaa zetu. Wahenga walisema, mwenye kupenda, chongo huita kengeza. Dini yetu imekuja kutuondolea kengeza hilo. Mwenyezi Mungu katika Suratin-Nisaa ametuamrisha tusimame na uadilifu na tutoe ushahidi wa kweli ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu, au wazazi, au jamaa. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliwafundisha Masahaba kwamba ndugu aliye dhalimu husaidiwa kwa kuzuiwa mkono wake, wala si kwa kutiwa nguvu.

Maulamaa wetu wa zamani walilijua hili vyema. Al-Hajjaj bin Yusuf alikuwa liwali wa Iraq. Aliswalisha watu, na anatajwa kuwa alisaidia katika kazi ya kutia alama maandishi ya Qur'ani ili isomeke sawa. Pamoja na hayo, alimwaga damu nyingi, na mwaka 714 wa Miladi alimwua mwanachuoni mkubwa Said bin Jubair. Je, wanachuoni walisema: tumwache, kwani aliitumikia Qur'ani? La. Waliandika mema yake mahali pake, wakaandika dhulma yake kwa wino mweusi, na jina lake hata leo ni methali ya ukatili. Ikiwa kazi ya Qur'ani haikumfunika Hajjaj, msikiti usiokwisha utamfunika Amin?

YATUPASAYO

Kwa hivyo, enyi wazazi, mtoto akiuliza khabari za Idi Amin, asijibiwe kwa kukemewa wala kwa kutungiwa hadithi. Aambiwe kwamba alikuwa Mwislamu, na kwamba Uislamu haukumwamrisha aliyoyatenda. Yote mawili ni kweli, na mtoto aweza kuyabeba yote mawili. Mwenye kumficha la kwanza humfundisha uwongo, na mwenye kumficha la pili humfundisha kuichukia dini yake.

Nanyi vijana, msiazime ushujaa kwa mtu aliyewatisha wanyonge. Ikiwa mnataka mtawala wa kumwiga, mnaye Abubakar, ambaye alipopewa ukhalifa aliwaomba watu wamnyooshe akipotoka. Na mnaye Umar, ambaye Mmisri wa dini nyingine alimshitakia mtoto wa liwali wake, naye akampa Mmisri huyo haki yake mbele za watu. Hao waliogopa dua ya mdhulumiwa kuliko walivyoogopa jeshi.

Na jirani akikutajieni Amin kwa kukuaibisheni, msikasirike wala msimtetee. Mwambieni: huyu alikuwa wa jina letu, na matendo yake siyo ya dini yetu, nasi tuliotoka hapa tulikwenda pamoja na watoto wenu kumtoa. Maneno hayo ni ya kweli, na ukweli ndio sitara ya wachache popote walipo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliouawa kwa dhulma, aipe Uganda na Tanzania amani ya kudumu, na atujaalie kuwa katika wale wasemao haki ijapokuwa ni juu ya nafsi zao. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.